Kamera Mpya na Jambo la Kutosha

Mtu akiuliza, “Ninunue kamera ipi badala ya hii niliyo nayo?” wengi humjibu upesi, kila mmoja akiitaja ile aliyo nayo mwenyewe, au ile anayoitamani. Ni wachache wamwulizao, “Hiyo uliyo nayo imekukosea nini?” Nami nadhani swali hili la pili lastahili kutangulia, wala si swali la dukani tu. Lamtaka mtu apambanue haja yake na tamaa yake, na kazi hiyo ni ngumu kuliko tunavyodhani.

Ugumu wake ndio huu. Haja ya kweli huwapo kabla ya kitu chenyewe. Mwenye njaa huisikia njaa kabla hajakiona chakula, na mwenye kuvujiwa na nyumba hulijua tundu kabla hajaenda kuuliza bei ya bati. Lakini mwenye kamera mara nyingi hakuwa na shida yo yote hata siku ile alipoona kamera mpya zimepangwa katika orodha, ya mwaka huu kando ya ya mwaka jana, na hesabu zao zimeandikwa chini yake. Hapo ndipo alipoanza kuona upungufu wa ile ya kwake. Kule kulinganisha ndiko kulikomzalia haja, kisha yeye akaanza kutafuta sababu, naye akazipata nyingi, maana sababu zitafutwazo baada ya shauri kukatwa hazikosi kupatikana. Mtu wa namna hii hasemi uongo. Ajidanganya kwa maneno ya kweli, nayo ni hatari zaidi.

Tuchukue mfano mmoja, ili tusiseme juu juu. Tuseme yuko mpiga picha wa arusi na kipaimara, mwenye kamera ya Nikon D750, iliyotoka mwaka 2014. Ana lenzi tatu, na mojawapo ni ile ndogo ya milimita 50, ya namna ya zamani isiyo na mota ndani yake. Fedha ameweka kidogo. Mbele yake ziko njia nyingi: Z5 II ya mwaka 2025, ambayo ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 1,700 hivi; Z6 III ya mwaka 2024, dola 2,500; Z8 ya mwaka 2023, dola 4,000; au D850 ya mwaka 2017, ambayo mtu mwingine ameitumia naye sasa aiuza. Iko na njia ya tano, ambayo haiandikwi katika orodha yo yote kwa kuwa hakuna apataye faida kwayo, nayo ni kukaa na ile aliyo nayo.

Kwanza na tuzitazame zile nukta, maana ndizo zinazowavuta watu. Picha ya kamera hizi ni nukta nyingi ndogo zilizokusanywa na sensa (si ile ya kuhesabu watu, bali kile kibamba kilicho ndani ya kamera kipokeacho nuru), na nukta milioni moja huitwa megapikseli. D750 ina megapikseli 24, Z8 ina 45. Asikiaye hivi hudhani picha ya Z8 ni kubwa karibu mara mbili. Sivyo. Nukta huenea upande wa urefu na upande wa mapana, basi picha ya D750 ina nukta kama 6,000 kwa urefu, na ya Z8 ina 8,256. Ukiichapa kwa nukta 300 katika kila inchi, ya kwanza itapata inchi 20, ya pili inchi 27 na nusu. Kwa urefu imezidi kidogo kuliko theluthi moja. Tena ni nyumba ngapi zilizotundika picha ya arusi yenye urefu wa inchi 20? Picha nyingi siku hizi hutazamwa katika simu, na kioo cha simu hakionyeshi hata nusu ya nukta hizo kwa mara moja.

Hata hivyo sipendi kuwacheka waliozoea kuhesabu nukta, kwa sababu zamani mazoea hayo yalikuwa na akili. Kamera ya kwanza ya namna hii iliundwa na Steven Sasson katika kiwanda cha Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu na zaidi, picha yake ilikuwa na nukta elfu kumi tu, na kuiandika picha moja katika kaseti kulichukua sekunde 23. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7. Nikon D800 ya mwaka 2012 ilikuwa na 36. Yaani katika miaka 13 nukta ziliongezeka mara 13. Mtu aliyebadili kamera siku zile kila baada ya miaka mitatu alipata kitu hasa, na picha zake za kwanza na za baadaye zikionyeshwa pamoja hata mtoto angezijua tofauti. Lakini tazameni yaliyofuata: D750 ya mwaka 2014 ina megapikseli 24, na Z6 III, iliyotoka miaka kumi baada yake, ina 24 na nusu. Mlima umefika mahali pa tambarare, na wapandaji bado wanatweta kama wapandao. Ndivyo yawavyo mazoea mengi ya wanadamu. Yalianza kwa sababu njema, sababu ikaondoka, nayo mazoea yakabaki nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Basi shauri langu ni kwamba mtu asianze na kamera mpya kabisa. Aanze na picha zake zilizoharibika. Azitoe mia moja za mwisho, zile alizozifuta au alizoona haya kumpa mwenyewe, naye aulize juu ya kila moja: ni nini kilichoiharibu? Asijibu kwa haraka. Picha zilizoharibika ni mashahidi wazuri, kwa sababu hazikuitwa na muuzaji, wala hazijui kamera ipi imetoka mwaka huu.

Nawaambia mapema kwamba nyingi zitasema jambo ambalo kamera mpya haliponyi. Chukueni ile shida tuijuayo sote: bibi arusi mwenye ngozi nyeusi amevaa shela nyeupe, nyuma yake liko dirisha au anga, na katika picha uso wake umekuwa giza, macho hayaonekani. Mpiga picha huilaumu kamera. Lakini kamera haijui shela wala uso. Kipimo cha nuru kilicho ndani yake kimefundishwa kuhesabu kana kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni rangi ya kijivu. Kikiona weupe mwingi, chadhani nuru imezidi, nacho chaipunguza, na apunguzwaye ni yule mwenye uso. Dawa yake ni kukiamuru kiongeze nuru, au kukipimisha juu ya uso peke yake, na kitufe cha kufanya hivyo kimo katika D750 tangu siku iliponunuliwa. Wako waliotoa dola elfu mbili ili kukwepa kujifunza kitufe kimoja.

Lakini haki ni haki. Katika jambo hili hili kamera mpya ina msaada wake. D750 ina kioo ndani, na achunguliaye katika tundu lake huona mambo yalivyo kwa macho, si picha itakavyokuwa. Z5 II na wenziwe hawana kioo. Tunduni mwao mna kitu kama runinga ndogo kionyeshacho picha kabla haijapigwa, hata giza la uso laonekana mapema, na mkono wasahihisha. Tena D750 ina alama 51 za kulengea, nazo zimekusanyika karibu na katikati, hata mtu asimamaye pembeni ni shida kumlenga. Hizi mpya hutambua jicho la mtu karibu po pote lilipo katika picha, na kulifuata akitembea. Kama katika zile picha mia arobaini ziliharibika kwa sababu sikio limelengwa vizuri na jicho limefifia, basi hiyo ni haja. Ilikuwapo kabla ya orodha.

Liko na jambo la sauti. Kioo cha D750 kikiinuka hulia, na kanisa likiwa kimya katika maombi watu hugeuka. Kamera isiyo na kioo yaweza kupiga bila sauti yo yote. Naiona sababu hii kuwa njema kuliko nyingine zote, kwa kuwa si ya mpiga picha mwenyewe, ni ya wale aliokuja kuwatumikia. Lakini ajue kwamba Z5 II huisoma sensa yake polepole zaidi, na chini ya taa zile zinazowaka na kuzimika upesi kuliko jicho kuona, upigaji wa kimya waweza kutia mistari mistari katika picha. Z6 III husoma kwa haraka zaidi, na mistari hupungua. Hapo ndipo mtu aweza kuulizwa kama kimya hicho kina thamani ya dola 800 za ziada. Mimi nisingezitoa. Mwingine mwenye kazi nyingi za ndani ya kanisa angezitoa, wala singemshitaki.

Na uzito je? Wengi husema hununua kamera isiyo na kioo ili kupunguza mzigo. D750 pamoja na betri yake ina gramu 840 hivi. Z6 III ina 760. Lakini mwenye lenzi za zamani ni lazima avae adapta katikati, nayo ina gramu 125. Jumlisheni wenyewe. Betri nayo, kwa kipimo cha watengenezaji, katika D750 ilipiga picha 1,230 kabla ya kuisha. Katika Z6 III hazifiki 400. Aendaye kupiga arusi mahali pasipo na umeme atachukua betri tatu kwa moja, na hizo nazo zina uzito na bei.

Adapta hiyo yatuleta katika jambo lililo zito kuliko yote, nami nataka kukaa hapo kidogo. Bodi ya kamera ni mpangaji, lenzi ndizo wenye nyumba. Bodi huchakaa na kupitwa, lenzi njema hukaa miaka thelathini. Zinazoviunganisha viwili hivi ni shingo ya kamera, mahali lenzi inapofungwa, na kila kampuni ina shingo yake. Kwa hiyo anunuaye lenzi hufunga agano, ingawa halikuandikwa: kwamba kesho nao watatengeneza bodi itakayozipokea lenzi zake. Nikon waliitoa shingo yao ya F mwaka 1959, wakaishika karibu miaka 60. Canon walifanya vingine. Mwaka 1987 waliitupa shingo yao ya zamani mara moja, wakaleta mpya, ambayo lenzi za zamani hazikuweza kuvaliwa na kufanya kazi sawasawa. Wenye lenzi walikasirika sana, nao walikuwa na haki ya kukasirika, maana mali yao ilikuwa imegeuzwa kuwa mali ya makumbusho bila wao kuulizwa.

Je, Canon walitenda vibaya? Kwa muda mrefu ningejibu ndiyo bila kusita. Lakini shingo ile mpya ilikuwa na upana wa milimita 54, na mambo yote yalipitishwa kwa umeme, mota ikiwa ndani ya kila lenzi. Shingo ya Nikon ilikuwa na milimita 44, na wahandisi wake waliishi katika wembamba huo kwa miaka mingi ili wasiwavunje moyo watu wao. Mwaka 2018 nao walishindwa, wakatoa shingo ya Z yenye milimita 55. Walitoa na adapta, ndiyo, lakini adapta hiyo haina mota ya kuzungusha lenzi zisizo na mota. Ile lenzi ya 50 ya ndugu yetu itaingia, itapiga picha, lakini kulenga itambidi alenge kwa mkono. Basi Canon waliwaumiza watu mara moja, wakapona mapema. Nikon waliwahurumia wazazi, na maumivu yakawafikia watoto. Sijui kama uaminifu wapimwa kwa urefu wa miaka tu. Aahidiye jambo lisiloweza kutimizwa milele humdanganya mwenziwe kwa wema. Wala mnunuzi naye hana neno la kujitetea kabisa, maana hakuna kampuni iliyompa hati ya milele, yeye mwenyewe aliiandika moyoni mwake.

Wako watakaosema maneno haya yote ni ya bure, maana mithali imekwisha kukata shauri: usiache mbachao kwa msala upitao. Naipenda mithali hiyo, lakini naona watu huitumia kama kufuli ya kufungia mawazo. Mbacha ukiwa na tundu katikati, alalaye juu yake alala chini. Na mpiga picha wa arusi halali peke yake. Shata ya D750, yaani lile pazia lifungukalo kila picha, ilijaribiwa na watengenezaji kwa mara 150,000. Yaweza kuzidi, yaweza kufa kabla. Kama ndugu yetu amefika mara 140,000 na hana kamera ya pili, basi kila Jumamosi anacheza kamari, na mali anayoiweka mezani si yake. Ni siku ya watu wengine, nayo hairudiwi. Uwekevu wa namna hii ni uchoyo uliovaa nguo ya adabu. Ndiyo maana sikubaliani na wale wahukumuo kila mnunuzi kuwa mtumwa wa tamaa. Yuko atamaniye kwa kununua, yuko na atamaniye kwa kutonunua, na wa pili husifiwa.

Na kuna bei isiyoandikwa. Betri za lithiamu, za namna itumikayo sana katika vyombo hivi, zina kobalti, na kobalti yote ichimbwayo duniani, zaidi ya nusu yatoka Congo, pande za Kolwezi na Likasi, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Wengine huichimba kwa mikono, katika mashimo yasiyo na nguzo. Sisemi kwamba asiyenunua kamera amewaokoa, la, hesabu haiendi hivyo, na wengine wao hawana kazi nyingine. Lakini nasema kwamba atengenezaye orodha ya faida na hasara, akaandika nukta na gramu na dola, hajamaliza kuandika. Ashikaye bodi moja miaka kumi amechukua kwao mara moja. Abadiliye kila mwaka wa tatu amechukua mara tatu na zaidi, na kama zile picha mia hazikumshuhudia, hana la kusema kwa nini.

Nikiulizwa basi juu ya ndugu yetu huyu, nami nikijua kwamba picha zake nyingi ziliharibika kwa kulenga vibaya na kwa shata kuzeeka, ningemwambia achukue Z5 II. Kifaa chake cha kufanya hesabu ndani ni cha ukoo ule ule uliomo katika Z8, basi kutambua jicho kwajua karibu sawasawa. Tena ina nafasi mbili za kadi za kawaida, ambazo anazo tayari, na picha ikiandikwa katika kadi mbili pamoja, kadi moja ikifa arusi haifi. Z6 III na Z8 zina nafasi moja ya namna hiyo, na ya pili yataka kadi ya namna nyingine iliyo ghali. Z8 ni chombo kizuri mno, nayo ingemfaa mpiga ndege au mchezo wa mpira. Ile D850 singeishauri, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu ingemrudishia kioo kile kile kiliacho kanisani.

Na hiyo D750 asiiuze mwaka wa kwanza, aichukue kama akiba katika mkoba. Baadaye akiona haihitaji, na amwuzie kijana aanzaye kazi, naye amwambie hesabu ya shata kama ilivyo. Hesabu hiyo imeandikwa ndani ya kila picha katika maelezo yasiyoonekana, na ajuaye kuitafuta ataiona hata kama muuzaji alinyamaza. Bei na ishuke kwa kadiri ya hesabu hiyo. Na ile lenzi ya 50 aitoe pamoja nayo, kwa maana juu ya kamera mpya imekuwa kama kipofu, lakini D750 ina mota yake yenyewe ndani ya bodi, na mikononi mwa kijana huyo lenzi itaendelea kulenga yenyewe kama siku zote.